Siku mbili Marseille na mama: tule nini, twende wapi?

BintiTanga
Habari zenu wadau. Mama yuko kwangu huku Uholanzi, baridi imemchosha, anataka kuona bahari. Nimekata tiketi za treni, tunapitia Paris, mpaka Marseille. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, nguruwe hagusi, na chakula kisicho na wali kwake ni kitafunio tu. Kila mtu ananiambia nisikose bouillabaisse, ule mchuzi wao wa samaki. Kweli? Na lile kanisa la kilimani tutalifikiaje?

Baharia_Mstaafu
Mpe mama shikamoo yangu. Mimi mtu wa Mombasa, mji huu nauishi mwaka wa tisa.

Kanisa ni Notre-Dame de la Garde. Msipande kwa miguu, utamuua mama. Basi namba 60 linawachukua bandari ya zamani, Vieux-Port, hadi juu. Bado kuna ngazi za kuingilia, lakini hata akikaa nje anaona mji wote na visiwa. Abebe kanga nzito, maana ukivuma ule upepo wa mistral hata kofia yangu ya kiua haikai.

Bouillabaisse ya kweli ni ghali, mara nyingi inapita euro 60 kwa mtu. Mara yangu ya kwanza nililetewa bakuli la mchuzi wa zafarani, mikate mikavu, na rouille, yaani kachumbari laini ya vitunguu saumu na pilipili. Nikajua ndicho chakula chenyewe. Nikafuta bakuli, nikamaliza na mikate yote. Kumbe samaki wanakuja baadaye, sinia zima! Niliwatazama tu.

Kwa pesa hiyo mimi ningempeleka L'Estaque, mtaa wa pwani wa mji huu huu, basi namba 35. Pale vibandani kuna panisse: unga wa dengu unasongwa kama ugali, ukipoa unakatwa vipande vya mviringo, unatiwa kwenye mafuta ya moto. Nje inavunjika, ndani laini. Na chichi frégi, hiyo ni andazi refu lenye harufu ya maua ya mchungwa na sukari juu. Mama atacheka.

Msafiri_Mvivu
Naongeza: jumba la makumbusho la Mucem hufungwa Jumanne. Ila ile ngome ya Saint-Jean iliyo jirani yake kuingia ni bure, na mna daraja jembamba juu ya maji. Jikoni za mikahawa mingi hufungwa baada ya saa nane mchana hadi jioni, msichelewe. Na ukiingia dukani anza na "bonjour", la sivyo utahudumiwa kwa uso wa ndimu.

BintiTanga
Asanteni sana. Wali je?

Baharia_Mstaafu
Hapo ndipo Marseille inapoishinda Paris. Mji huu umejaa Wangazija. Nendeni soko la Noailles asubuhi, hatua chache tu kutoka bandarini: muhogo, ndizi mbichi, bamia, pilipili mbuzi. Mama akisikia Kingazija atadhani ni Kiswahili kilichopinda kidogo, na maneno mengine wataelewana. Aulize pilau inauzwa wapi, ataelekezwa mpaka mlangoni.

BintiTanga
Nimemsomea. Anauliza kama nazi zipo.

Baharia_Mstaafu
Zipo. Mbuzi ya kukunia ndiyo sijaiona, aje nayo.