Mjadala: Je, nyumba ya kuishi igeuzwe ya likizo bila kibali?

Kila mjadala huu unapoibuka, hutokea mtu akasema "mgeni njoo, mwenyeji apone", na wengi huona hoja imekwisha. Mimi naanzia hapo hapo. Methali inamwita mgeni, lakini inadai pia mwenyeji awepo ili apone. Katika miji mingi ya pwani inayopendwa na watalii, mgeni akifika anafungua mwenyewe kisanduku cha funguo kilichotundikwa mlangoni, kwa sababu mwenyeji alishahamia mbali na bahari, na siku hizi anarudi asubuhi kufua mashuka ya wageni.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge vizuri. Nyumba iliyojengwa ili watu waishi isigeuzwe nyumba ya pili, yaani ya likizo ya mtu anayeishi kwingine, wala ya kupangisha watalii kwa siku, mpaka mmiliki aombe kibali cha halmashauri. Na halmashauri iwe na uwezo wa kukataa pale ambapo nyumba za namna hiyo zimeshazidi. Utalii uendelee, na aliye na mali yake abaki nayo.

Tunachanganya mambo matatu. Nyumba ya pili hukaa gizani sehemu kubwa ya mwaka. Nyumba ya kupangisha watalii huwa na watu, na ni haki kukiri kwamba inawapa kazi wasafishaji, mafundi na wenye maduka. Msongamano ni jambo jingine kabisa: foleni za magari, takataka, vyoo visivyotosha, na mara nyingi unaletwa na watu wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Venice, mji wa Italia, ilianza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku maalumu. Sina ugomvi na ada hiyo, ila haigusi tatizo la makazi. Mji wa kale wa Venice ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kufikia mwaka 2022 walikuwa wameshuka chini ya 50,000. Foleni ya Agosti huisha watu wakirudi makwao. Familia iliyohama haina msimu wa kurudi.

Sasa twende St Ives, mji mdogo wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa sababu pale ndipo nilipobadili mawazo. Mwaka 2016 wakazi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali kwamba kila nyumba mpya iuzwe kwa mtu atakayeifanya makazi yake makuu. Kesi ya kupinga ikafunguliwa, mahakama ikaitupa. Nilishangilia. Lakini sharti lile liligusa nyumba mpya peke yake. Anayetaka nyumba ya likizo hakuzuiwa kununua ya zamani, na wachunguzi wa chuo kikuu cha London School of Economics walioifuatilia sera hiyo wakaonyesha kwamba wanunuzi walihamia huko huko, kwenye nyumba zilizokwishajengwa, huku ujenzi wa mpya ukipungua. Aliyekusudiwa kusaidiwa akajikuta anashindana na tajiri kwa nyumba ile ile ya zamani. Nia ilikuwa njema, mlango uliofungwa ndio haukuwa wenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza kibali cha kubadili matumizi, kinachogusa nyumba mpya na za zamani sawasawa. Wales, magharibi mwa Uingereza, ndiyo imefikiri zaidi kuhusu hili. Mwaka 2022 sheria za mipango miji zilizitenganisha nyumba katika makundi matatu: makazi makuu, nyumba ya pili, na nyumba ya kupangisha kwa muda mfupi. Kuanzia Aprili 2023 halmashauri ziliruhusiwa kuongeza kodi ya nyumba za pili hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida. Kisha Septemba 2024 halmashauri ya Gwynedd ikaanza kudai kibali kabla ya makazi makuu kugeuzwa kuwa ya aina hizo nyingine mbili. Uamuzi huo ulipelekwa mahakamani na wakazi wa hapo hapo, jambo ambalo sisi tunaotetea vibali hatupaswi kulifumbia macho.

Wanaopinga wana hoja moja inayoniuma. Wanasema anayeuza nyumba kwa bei kubwa mara nyingi ni mzee wa pale pale, aliyefanya kazi maisha yake yote, na nyumba ndiyo akiba yake ya uzeeni. Ukidai kibali, wanunuzi wenye fedha watapungua na bei yake itashuka. Ni kweli, na sitajifanya kwamba hakuna atakayeumia. Ninachosema ni kwamba bei ile anayoitarajia mzee ndiyo iliyomfukuza mjukuu wake. Hatuwezi kuilinda bei hiyo na wakati huo huo kulilia vijana wanaohama.

Wengine wanasema kodi kubwa inatosha. Mimi siiamini kodi ikiwa peke yake. Mwenye uwezo wa nyumba mbili ana uwezo wa kuilipa. Na kuna mwanya: mtu anaiandikisha nyumba ya pili kama biashara ya kupangisha, anatoka kwenye kodi ya makazi, kisha biashara ndogo inasamehewa kodi yake. Wales iliubana kwa kudai nyumba iwe imepangishwa kweli kwa siku zisizopungua 182 kwa mwaka. Hata hapo, hatuna hakika kama tumerudisha makazi au tumeongeza nyumba za wageni.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Boti za RNLI, shirika la hisani la uokoaji baharini, katika pwani za Uingereza na Ayalandi zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. King'ora kikilia, mtu anaacha kazi yake na kukimbilia kituoni. Hawezi kufanya hivyo akiwa anaishi umbali wa dakika arobaini kwa gari. Mtalii anayezama siku ya kiangazi anaokolewa na jirani wa bahari, na jirani huyo anahitaji nyumba yenye kodi ya pango anayoweza kuilipa. Nikifikiri juu ya watoto wanaoogelea pale, siwezi kulichukulia suala hili kama ugomvi wa matajiri na wenye wivu.

Nigusie pia Barcelona. Mwaka 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba vibali vya fleti za watalii zaidi ya 10,000 havitaongezwa muda vitakapoisha Novemba 2028. Kufuta vyote kwa pamoja naona kumepita kiasi, ila nakubali kanuni iliyo nyuma yake, kwamba kibali kiwe na mwisho. Kikitolewa milele kitakuwa mali nyingine ya kuuzwa kwa bei ya juu. Na anayepangisha chumba ndani ya nyumba anamoishi aachwe, kwa kuwa hajaondoa makazi ya mtu yeyote.

Pagumu kwangu ni kwa aliyerithi. Mtu amezaliwa katika mji huo, kazi ikampeleka mbali, wazazi wamefariki na kumwachia nyumba. Hataki kuiuza, anarudi mara tatu kwa mwaka, na ana ndoto ya kuzeekea pale. Kwa kanuni ninayoipendekeza, naye ana nyumba ya pili. Nimefikiria apewe muda wa mpito, tuseme miaka mitano, kisha achague kuhamia, kumpangisha mkazi wa kudumu au kuomba kibali kama wengine. Lakini jirani yake anayetafuta nyumba mwaka wa saba sasa ataniuliza kwa nini asubiri mitano mingine. Nyinyi mngempa muda gani, na kwa sharti lipi?