Mashine mbili za zamani, Windows 7, RAM GB 2: niweke antivirusi gani isizigandishe?

steshenari_kihonda

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla sijapoteza mteja mwingine.

Nina steshenari ndogo Kihonda, Morogoro. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua, na msimu ukifika najazia wanafunzi fomu za Bodi ya Mikopo. Mashine ni mbili, Dell OptiPlex 780 za mtumba, Core 2 Duo, RAM GB 2 kila moja, Windows 7 ya biti 32. Nilizichukua zikiwa zimeshapigwa Windows, na kwa kuchapa na kuprinti hazijanisumbua.

Kinachonisumbua ni flashi. Jumatatu alikuja mwanafunzi wa chuo na ripoti yake ya fildi, anataka nakala tatu zilizobaindiwa. Nikachomeka flashi yake, nikaona folda zote zina kamshale kadogo kwenye kona, na kila moja imeandikwa KB 2. Nikabofya iliyoandikwa RIPOTI MWISHO. Kidirisha cheusi kikatokea kikapotea, hata kusoma sikuwahi, halafu folda ikafunguka kawaida. Nikaprinti, akalipa, akaondoka.

Mchana akaja mwalimu wa shule ya msingi hapa jirani na mitihani ya darasa la saba. Nikachomeka flashi yake kwenye mashine ileile. Iliingia safi, ikatoka na mishale. Jioni akarudi. Hakunigombeza, aliniambia tu, "Mwanangu, mitihani siioni." Usiku ule sikupata usingizi.

Nimejaribu antivirusi mbili za bure. Ya kwanza ilikataa kuingia, ikasema mfumo wangu haufai. Ya pili imeingia lakini haiapdeti, kila siku inasema haifikii seva, na bando lipo. Hata tovuti nyingi zinaniambia muunganisho si salama. Tangu niiweke mashine imekuwa nzito, Word naifungua nikienda kupokea hela kwa mteja mwingine na nikirudi bado inazunguka. Kuna rafiki ananishauri niweke zote mbili zisaidiane.

Asubuhi nikiwasha lazima nibonyeze F1 ndiyo iendelee, na saa inakuwa imerudi mwaka 2009, ila hilo nimeshalizoea.

Naombeni jina la antivirusi moja nyepesi.

kijana_wa_deski

Dada hizo za bure zinakupotezea muda. Tafuta ya kulipia iliyokrakiwa, mafundi wengi wanayo kwenye flashi. Unaweka, unazima intaneti, inakaa miaka.

mwalimu_wa_maabara

Binti, usimsikilize huyo, na simsemi kwa ubaya, ushauri wake nimeusikia kwa watu wengi. Antivirusi ndiyo programu yenye ruhusa kubwa kuliko zote kwenye mashine, inafungua kila faili na kufuta inachotaka. Ukiichukua imevunjwa na mtu usiyemjua, umempa huyo mtu ruhusa hizo. Isitoshe krak nyingi huifungia isiwasiliane na seva za mwenye programu, na hapo ndipo apdeti zinapotoka. Antivirusi isiyoapdeti miaka miwili haiwezi kukitambua kirusi cha mwezi uliopita.

Nimesimamia maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari hapa Songea miaka kumi na moja, mashine zote za msaada, zote kuukuu. Kwa hiyo nisome taratibu.

Jambo ulilolitaja mwishoni kama dogo ndilo ningeanza nalo: F1 na mwaka 2009. Jioni ukifunga unazima swichi ya ukutani, sivyo? Mashine ikiwa imechomekwa na umeme upo, saa yake inatembea hata ukiwa umeizima. Ukikata umeme ukutani inabaki kutegemea betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, na ya kwako imekufa. Sasa fikiria antivirusi inaenda kuapdeti. Seva inaonyesha cheti chake cha usalama, cheti kimetolewa mwaka huu, mashine inaangalia saa yake inaona 2009, inasema cheti hiki hakijaanza kutumika, inakata mawasiliano. Tovuti zako zinakataa kwa sababu hiyohiyo. Antivirusi yako haina kosa.

Nunua betri ya CR2032, ile ya kwenye saa za ukutani za dijiti na mizani ndogo. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko cha pembeni, utaiona imelala kwenye kitako chake. Isukume kwa ukucha pale penye kijiulimi, itaruka. Weka mpya, maandishi na alama ya + vikutazame wewe. Washa, bonyeza F2, weka tarehe na saa, hifadhi. Ni kazi ya dakika kumi.

La pili, ile iliyokataa kuingia. Siku hizi programu za Windows zinatiwa saini ya usalama kwa njia mpya inayoitwa SHA-2, na Windows 7 iliyopigwa kutoka kwenye DVD ya zamani haiijui saini hiyo. Bofya Start, bofya kulia kwenye Computer, chagua Properties, uone kama imeandikwa Service Pack 1, lile furushi kubwa la apdeti za Windows 7. Kama haipo, anza nayo. Kisha nenda tovuti ya Microsoft Update Catalog, shusha apdeti mbili, KB4490628 na KB4474419, za x86 kwa kuwa mashine yako ni ya biti 32. Weka hiyo ya kwanza, halafu ya pili, ukiombwa kuristati kubali. Hapo antivirusi nyingi zilizokuwa zinakataa zitaingia, lakini soma kwanza ukurasa wa mwenye programu uone kama bado anaitaja Windows 7. Wengi wameshaiacha, na waliobaki kila mwaka wanapungua.

La tatu, usiweke mbili. Kila moja inataka kuikagua faili kabla haijafunguka, kwa hiyo ukifungua barua moja ya Word zinaigombania zote, na kwa RAM ya GB 2 huo uzito utazidi. Toa hiyo iliyopo kwa kifaa cha kuondolea ambacho mwenye programu mwenyewe anakitoa, kwa sababu ukitoa kwenye Control Panel peke yake mabaki yanabaki yakifanya kazi.

Wakati wa kuweka mpya usibofye Next, Next, Next. Tafuta palipoandikwa Custom. Utakuta imejiwekea VPN, kisafisha mashine, kilinda nywila, nyongeza ya brauza. Ondoa tiki zote, bakisha ulinzi wa faili na wa tovuti. Skani ya mashine nzima ipangie saa ya chakula cha mchana. Na shusha lile faili kubwa la kuwekea bila intaneti, sio lile dogo ambalo linaanza kuvuta mamia ya MB likiwa ndani, kisha bando likiisha katikati unaanza upya.

Ukiweza, ongeza RAM. OptiPlex 780 inatumia DDR3, mafundi wengi wanazo za mkononi. Windows yako ya biti 32 haitaona zaidi ya GB 3 na kidogo, lakini kutoka 2 kwenda hapo utaona tofauti.

Kuhusu mwalimu wa mitihani, mwambie asifomati flashi. Faili zake zipo, zimefichwa tu. Kile kidirisha cheusi ndicho kilikuwa kirusi chenyewe, ile mishale ni shotikati zinazokiita kwanza halafu ndiyo zikufungulie folda, ndiyo maana uliona kila kitu ni cha kawaida. Kwenye mashine ambayo ni safi fungua Command Prompt, na kama flashi yake ni E andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Ukifungua flashi, angalia kama kuna folda isiyo na jina kabisa, ikoni tupu haina maandishi chini. Mara nyingi vitu vyote vinasukumwa humo. Vinakili, futa shotikati, na faili lolote lenye mwisho wa .vbs, .js au .exe ambalo mwenyewe halijui.

steshenari_kihonda

Shikamoo mwalimu. Ni kweli nazima ukutani, nilikuwa naogopa umeme ukirudi kwa kishindo usiku. Wewe umejuaje!

Swali moja, "mashine safi" niitoe wapi? Zangu zote mbili nadhani zina hicho kirusi.

mwalimu_wa_maabara

Marahaba binti. Endelea kuzima ukutani, unafanya vizuri, badili betri tu.

Umeuliza la maana. Kuweka antivirusi juu ya Windows iliyokwisha kuambukizwa ni kazi ngumu, kirusi kimeshatangulia ndani. Omba mtu mwenye mashine nzuri akushushie Kaspersky Rescue Disk, ni ya bure, akuwekee kwenye flashi. Yako unaiwashia kutoka kwenye flashi hiyo (F12 wakati inawaka), Windows inabaki imelala na skani inafanyika kutoka nje. Iache usiku mzima kama umeme ni wa uhakika.

saiba_kitale

Habari kutoka Kitale, Kenya. Mwalimu amesema yote ya maana, lakini nina la kuongeza kwa sababu mimi pia naishi kwa flashi za watu, hasa mwezi wa Juni wakati kila mtu anakimbilia kufanya returns za kodi za KRA, mamlaka yetu ya mapato, kabla ya tarehe 30.

Dada, kumbuka Microsoft waliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Shimo likigunduliwa leo halizibwi, na antivirusi haizibi mashimo ya Windows. Mei 2017 kirusi kinachoitwa WannaCry kilipopita duniani, mashine nyingi sana zilizopata shida zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa apdeti ya mwezi Machi. Apdeti ilikuwa tayari imetoka! Sasa hivi haitoki hata hiyo.

Mimi nilichofanya: kati ya mashine zangu tano, moja iliyo karibu na mlango niliitoa Windows nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Kila flashi ya mteja inaingia hapo kwanza. Kirusi cha Windows kikifika kwa Linux kinakuwa faili tu, hakikimbii. Tena zile folda zilizofichwa unaziona waziwazi, maana Linux haijali ule ufichaji wa Windows. Mteja anashtuka kuona faili zake alizodhani zimepotea.

Shida iko kwa Word. LibreOffice, ile inayotumika kwa Linux badala ya Word, inafungua docx vizuri, lakini ripoti ndefu yenye majedwali inaweza kusogea, ukurasa wa 14 ukaanzia katikati ya 13, na mwanafunzi atakulaumu. Kwa hiyo pale mlangoni mimi nasafisha tu. Nakopi ile docx peke yake kwa flashi yangu ya ofisi, naipeleka kwa mashine yenye Word. Flashi ya mteja haigusi Windows. PDF naprinti papo hapo.

Angalia kwanza kama processor yako inakubali biti 64. Core 2 Duo ya 780 inakubali, hata kama Windows iliyo ndani ni ya 32. Mint inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, 4 ndiyo raha.

fundi_tandika

Nakubaliana na wote. Kuna watakaokuambia upige Windows 10. Inaingia kwenye 780, na ina Defender, antivirusi ya Microsoft yenyewe, ndani kwa ndani, tofauti na Windows 7 ambayo Defender yake ilikuwa inashughulika na spaiwea (programu za kupeleleza) tu. Ila bila RAM ya GB 4 na SSD, ile diski ya kasi, utajuta, na Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 usijisumbue, matoleo ya sasa yanahitaji amri ambazo Core 2 Duo haina kabisa, hata ukilazimisha haiwaki.

mtumiaji_wa_xp

Je, sisi wa Pentium 4, RAM MB 512, XP?

mwalimu_wa_maabara

Ndugu yangu, XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Ichomoe kwenye mtandao kabisa, ibaki ya kuchapia, na flashi moja tu iliyo yako ndiyo iguse. ClamWin, antivirusi ya bure, inaweza kukusaidia kuskani ukiamua, lakini haikai macho yenyewe, mpaka uiamuru.

steshenari_kihonda

Narudi na majibu, wakuu, siku tisa zimepita.

Betri nimeinunua kwa fundi saa pale Msamvu, 1,500. Ile ya zamani ilikuwa na kutu ya kijani pembeni. Nimeweka tarehe, na asubuhi ya pili mashine ikapita moja kwa moja bila F1. Nilikaa nikaitazama tu. Tovuti zikafunguka. Service Pack 1 ilikuwepo, zile KB mbili hazikuwepo, nimeziweka.

Rescue Disk ilichukua saa sita kasoro na kukuta faili 41 kwenye mashine ya kwanza. Antivirusi iliyonikataa imeingia, nimeondoa tiki kama mwalimu alivyosema, na Word inafunguka nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. RAM nimepata kipande kimoja cha GB 2, nimekihamishia mashine hii.

Mashine ya pili nimeifanya ya mlangoni kama ndugu wa Kitale. Mdogo wangu amenisaidia kuweka Mint. Printa ya leza imekubali bila kuuliza kitu, skana bado inakataa. Inaenda taratibu kwa GB 2 lakini kazi yake ni kupokea flashi tu. Nimebandika karatasi ukutani: FLASHI ZOTE ZINAANZIA HAPA. Wengine wananuna, nawaonyesha faili zao wenyewe zilizofichwa, wanaelewa.

Jana nilimfuata mwalimu shuleni na mashine ndogo ya mdogo wangu mkononi. Folda isiyo na jina ilikuwepo, mitihani yote ndani, Hisabati mpaka Uraia. Ameniletea flashi za shule nzima ofisini, ziko kumi na mbili kwenye bahasha. Nimefika ya saba.

Ndugu wa Kitale, hiyo skana uliifanyaje?