Donostia wamewachoka watalii. Bado twende?

Mlandizi77: Wadau, hasa mlioko Ulaya. Mimi na mke wangu tuko Ujerumani, mwezi wa tisa tunataka kwenda Nchi ya Basque, mpakani mwa Uhispania na Ufaransa: Bilbao, Donostia (San Sebastián kwa Kihispania), tumalizie Bayonne upande wa Ufaransa. Sasa nasoma wenyeji wa Donostia wanaandamana kupinga utalii, kodi za nyumba hazishikiki, na tangu 2024 manispaa imepiga marufuku makundi ya watalii zaidi ya 25 na vipaza sauti vya waongozaji. Ukishajua mwenye nyumba kachoka na wageni, ni haki kubisha hodi?

Kiroboto: Hela ni hela, mkuu. Bilbao ilikuwa ya viwanda vya chuma na meli, vikafa, mto unanuka. Wakajenga Guggenheim, jumba la makumbusho ya sanaa, 1992, leo dunia nzima inapanga foleni pale. Waache kudeka. Halafu wabaguzi tu hao, timu yao ya mpira, Athletic Bilbao, haisajili mtu asiye Basque. Msiende.

Profesa wa Kona: Guggenheim ni 1997. Hiyo 1992 ni Olimpiki ya Barcelona. Na kuhusu Athletic, uliza kwanza kabla ya kumwaga. Sharti ni uwe umezaliwa kule au umekuzwa kisoka kule. Wachezaji wao Iñaki na Nico Williams, wazazi wao ni Waghana, walivuka Sahara wakitembea. Walipochukua Kombe la Mfalme 2024, baada ya miaka 40, hao ndugu wawili walikuwa mbele kabisa.

Kiroboto: Wawili. Nitajie mwingine.

Profesa wa Kona: Jonás Ramalho, baba Mwangola. Alicheza kabla yao, 2011, mchezaji mweusi wa kwanza wa klabu.

Kiroboto: Klabu ya mwaka 1898, mweusi wa kwanza 2011. Ahsante, umenimalizia kazi.

Profesa wa Kona: Hoja yako ilikuwa "asiye Basque", sasa imekuwa rangi. Ukishindwa unahama goli.

Mlandizi77: Jamani, mimi siendi kusajiliwa.

BiMkunazini: Wanaume na mpira! Kaka kauliza safari. Mie nilikwenda na mume wangu, nikaambiwa nitakufa njaa, kila kitu nguruwe. Si kweli. Ukiingia Parte Vieja, mji wa kale wa Donostia, vitafunio vimepangwa juu ya kaunta, pintxos wenyewe wanaviita. Kuna kinaitwa gilda: kijiti kimoja, zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili za kijani za siki, basi. Unakitia mdomoni chote kwa mara moja, macho yanatoka. Tena kuna ng'onda wa bakalao. Wanamloweka atoke chumvi, kisha anapikwa polepole kwa mafuta ya zeituni na thomu, chombo kinatikiswa tu bila kuchoka mpaka yale mafuta yanakuwa mchuzi mweupe mzito. Hakuna unga wala maziwa mle. Na jodari kwa viazi, wa mchuzi, ule mpaka ulambe vidole. Ila maharage ya Tolosa uulize, huja na soseji ya damu.

Abuu Salim: Dada, mtu anayekwepa nguruwe anasimamaje kwenye kaunta ya baa?

BiMkunazini: Kwa miguu.

Abuu Salim: Nimeuliza kwa heshima.

BiMkunazini: Na mie nimejibu kwa heshima. Baa za kule mchana bibi yuko na wajukuu, wanakula. Nilikunywa maji. Wewe Ulaya unakula wapi, msikitini?

Profesa wa Kona: 😂 Abuu kajitakia.

LamuDamu: Turudi kwa swali. Wale hawachukii wageni, wanachukia nyumba za kuishi kugeuzwa vyumba vya wageni wa siku tatu. Kijana wa Donostia anakwenda kupanga mji wa jirani, anarudi kwao kuwa mhudumu. Na hadithi kwamba Guggenheim iliokoa mji peke yake imechosha. Walisafisha mto, wakaleta metro. Walipotaka kujenga Guggenheim nyingine Urdaibai, kwenye hifadhi ya kinamasi, wenyeji hao hao wakasimama kupinga. Kwa hiyo kaka, lala hotelini, usichukue fleti ya mtu. Kwisha.

Kiroboto: Hoteli ya Donostia unalipa wewe?

Mbeba Boksi: Mnaongea watalii wanavyochosha, hamjataja Bidasoa, ule mto wa mpakani kati ya Irun na Hendaye. Mtalii anavuka daraja kwenda kunywa kahawa Ufaransa, hakuna anayemtazama. Kijana wa Guinea polisi wanamrudisha, na 2021 kuna waliokufa maji wakijaribu kuogelea. Mlandizi, Bayonne utapitia hapo hapo. Wewe na mkeo bebeni pasi na kibali cha kuishi, msiache hotelini. Mimi nilishushwa kwenye treni, mzungu niliyekaa naye hata tiketi hakuulizwa.

Mlandizi77: Duh. Hilo sikulijua. Kibali cha mke wangu kinaisha mwezi wa nane, kile cha karatasi cha kusubiria kinakubalika?

Mbeba Boksi: Uliza ofisi iliyokupa, usiniulize mimi. Ila ukiwa Bilbao panda treni ufike Gernika. Wajerumani waliupiga mabomu ule mji 26 Aprili 1937, wakisaidiana na Waitalia, kwa faida ya Franco, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania. Mchoro wa Picasso wa shambulio hilo uko Madrid, msizunguke kuutafuta. Na wewe unayetoka Ujerumani uingie kwa adabu.

Mlandizi77: Mimi napanga mizigo ghalani Dortmund, mabomu ya 1937 yananihusu nini?

BiMkunazini: Kaka, nifuate faragha nikwambie hoteli. Hapa hupati jibu leo.

Kiroboto: Ramalho mwenyewe alicheza mechi ngapi?