Wauza spea na mafundi wa Unguja, acheni neno "inaingia"! Nati za ringi za zamani nusura ziniulie mama

Asalaam alaykum wakuu. Nimekaa siku tatu bila kuandika, nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Nina Datsun 120Y ya marehemu baba. Ringi zake si za kiwandani. Ami yangu alikuwa baharia, akazileta kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 70, za alumini, zile zenye matundu mapana ambazo vijana wa wakati ule walikuwa wakizililia. Zilikubali Datsun bila kuchongwa kwa sababu duara la studi (boliti zinazopokea nati) ni lile lile: inchi nne na nusu za Mmarekani ndiyo milimita 114.3 za Mjapani, studi nne kwa studi nne. Ami alikuwa mtu wa kujua kazi, alizileta pamoja na nati zake 16 zenye uzi wa Datsun, za kromu, zenye shingo (ile sehemu laini ya duara chini ya nati inayoingia ndani ya tundu la ringi) na washa bapa. Baba alikuwa akizifungua anazitia kwenye kopo la Blue Band lenye mafuta ya taa, anazipiga brashi moja moja. Mie ndiye niliyekuwa nikishika kopo.

Mwaka huu nikaipeleka gari gereji moja mjini kubadilisha breki shuu. Jina silitaji. Jioni nakwenda kuichukua naona nati si zangu. Namuuliza kijana, ananambia, "Zile zilikuwa zimechoka, mzee, tumekutilia mpya." Ziko wapi za mwanzo? Zimekwenda na chuma chakavu asubuhi ile ile. Hakuna aliyenipigia simu, wala aliyeona kuna jambo la kuuliza. Nati ni nati, anasema mkubwa wake, gari zote hizi za Japani.

Si kweli, na fundi anayeshika spana kila siku hana udhuru wa kutojua. Studi ya Toyota ina unene wa milimita 12 na uzi wa 1.5, yaani kutoka uzi mpaka uzi ni milimita 1.5. Studi ya Nissan na Datsun ni milimita 12 vilevile, lakini uzi wake 1.25. Kwa macho zinafanana. Nati ya Toyota ukiiweka kwenye studi ya Datsun inazunguka mara moja, mara mbili, halafu inagoma. Mtu mwenye akili akiona imegoma anaitoa na kutazama. Hawa walichukua mashine ya upepo wakaipiga mpaka ikaingia kwa nguvu, na hapo studi imeshakula uzi. Nyumbani nilipojaribu kuzifungua, tatu zilizunguka pamoja na studi zake. Nimelipa kukatiwa na kununua studi mpya kwa kosa ambalo si langu.

Na juu ya hayo, shingo yenyewe haikutosha. Nati nyingi za ringi za alumini za Toyota zina shingo na washa, ndiyo maana mtu akaziona "ndizo". Nilizipima: shingo haifiki milimita 15, na tundu la ringi yangu ni 17 na nusu. Ringi hizi za zamani hazikaliwi na habu (kitovu cha gurudumu) katikati kama ringi za kiwandani, shingo za nati ndizo zinazoiweka ringi mahali pake. Shingo ikiwa nyembamba ringi inakaa upande, usukani unatetemeka ukifika kilomita 60 tu, na wewe unaambiwa ukafanye balansi. Nilifanya balansi mara mbili! Pesa yangu!

Sasa nifike kwenye lililonifanya nifungue mada hii.

Nikaenda duka moja la spea, nikamweleza muuzaji vizuri, nikampelekea na studi mkononi. Akatoa boksi la nati za kromu, zina shingo nene, zina washa, zimekaa sawasawa kwenye tundu la ringi. Akaitia moja kwenye studi kwa vidole, ikateremka mpaka mwisho kama imepakwa samli. "Si unaiona? Inaingia." Nikafurahi, wallahi nilifurahi kama mtoto. Nikalipa elfu 80 kwa 16.

Zile zilikuwa nati za nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, nyuzi 20 kwa kila inchi, yaani kutoka uzi mpaka uzi ni 1.27. Karibu kabisa na 1.25 ya Datsun, na ndiyo hatari yake. Uzi unafuatana, lakini nati ni pana kuliko studi kwa milimita 0.7. Meno yanagusana kwenye ncha tu. Inaingia kirahisi kwa sababu haikushika kitu, na ukiikaza unahisi imekaza.

Jumapili iliyopita natoka Makunduchi na mama na dada yangu, mama kakaa nyuma. Tumepita Kitogani, kabla ya kufika msitu wa Jozani, nasikia kok, kok, kok upande wa kushoto nyuma. Mama ananambia, "Mwanangu, gari inagonga." Nikaweka pembeni. Nati moja haipo. Ya pili naishika inatoka kwa vidole, na ndani yake uzi wa studi umetoka mzima mzima, umejikunja kama springi ndogo, unang'ara. Niliuweka kwenye kiganja nikautazama. Zilizobaki mbili zilikuwa zinacheza. Tundu za ringi zimeshaanza kuliwa, alumini imekuwa unga mweupe juu ya dramu. Mama kateremka kakaa chini ya mwembe, hasemi kitu, anavuta uradi. Ana miaka 74. Kama gurudumu lile lingetoka kwenye kona ya msituni, daladala inakuja upande wa pili, leo ningekuwa naandika tanzia.

Nikarudi dukani. Jawabu nililopewa: "Lakini ulijaribu mwenyewe ukaona inaingia." Hakurudisha hata shilingi.

Fundi mwengine, huyu mzee wa heshima na sitaki kumvunjia, akanishauri nichukue nati za Suzuki. Uzi wake kweli ni 12 kwa 1.25, zinashika studi barabara. Lakini ni za koni, chini zimechongoka, hazina shingo. Ringi yangu tundu lake limenyooka, na juu ni bapa kwa ajili ya washa, hakuna mteremko wa kupokea koni. Ukikaza, koni inauma ukingo wa tundu tu, mstari mwembamba kama uzi wa nguo. Alumini laini, inaliwa, nati inalegea, unakaza tena, inaliwa tena, mpaka ringi ipasuke. Nilimwonyesha kwa kuchora chini kwa msumari akakubali.

Nimevuka mpaka Dar, nimezunguka Gerezani kutwa nzima. Za shingo zipo tele, zote uzi wa 1.5. Maduka mengine hayakutaka hata kuiangalia studi niliyoishika. "Gari gani? Hiyo haipo tena." Gari ipo, bwana! Zipo nyingi tu Unguja na Pemba, watu wanazitunza, wanazipeleka harusini. Kama huna kitu sema huna, usinifukuze kama mwombaji.

Kuna watakaokuja hapa kunambia nifunge ringi za chuma nimalize. Naomba msinambie. Ringi zile mikono ya baba imezigusa kila Ijumaa.

Ninachowataka wenye maduka hakiwagharimu kitu. Chukueni studi tatu chakavu, ya 12 kwa 1.5, ya 12 kwa 1.25 na ya nusu inchi, zipigilieni kwenye ubao juu ya kaunta, ziandikwe. Mteja akija, nati inajaribiwa pale. Na isijaribiwe kwa kuizungusha tu. Izungushwe mpaka katikati, kisha itikiswe kushoto kulia. Ikigonga gonga si yake, hata kama imeteremka kama maji. Na mafundi, nati ya kwanza mpaka ya mwisho ianzwe kwa mkono, mashine ya upepo ije baadaye au isije kabisa. Ukifungua ringi za mtu, nati zake zikae kwenye kopo lake. Chuma chakavu hicho unachokiona wewe hakinunuliki tena.

Nyongeza: mmoja kauliza urefu wa shingo. Unene wa ringi yangu kwenye tundu ni milimita 22, kwa hiyo shingo inayobaki chini ya washa isizidi hapo, ikizidi nati inagota kwenye dramu na ringi inabaki inacheza ingawa mkono unahisi imekaza. Nati zilizozibwa mbele nazo ziwe na kina, studi isigote ndani ya kofia kabla washa haijakamata.

Basi mwenye nati za shingo, uzi 12 kwa 1.25, unene wa shingo kama milimita 17.4, iwe Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, au ana jamaa Dubai anayeweza kutafuta, anijibu hapa. Nataka 16, na nne za akiba. Nikikosa nitamtafuta fundi wa kuchonga vyuma anichongee kwa chuma kizuri, na mwenye kumjua anayepima kabla ya kukata anielekeze. Gari ipo juu ya mawe uani hapa Kikwajuni, magurudumu nimeyatia chumbani kwa mama.