Pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Na ule unga wa maskini je?

mpimadamu:
Wakuu, Bwana asifiwe. Mimi ni mtu wa maabara, kutwa nashika chupa za damu. Mgonjwa analetwa viganja vimepauka, anatundikiwa chupa mbili, jioni anauliza simu yake iko wapi. Kwangu damu ni uhai unaoingia mwilini. Ndiyo maana mahubiri ya "Mungu alitaka damu ndipo hasira ipoe" hunikwama kooni.

Juzi nasoma Walawi 5:11 nikashtuka. Asiyeweza kondoo alete hua wawili. Asiyeweza hata hua, alete sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha nafaka) ya unga. Unga! Na anasamehewa vilevile. Sasa Waebrania 9:22, "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo" la dhambi, tuielewe vipi?

nanga7:
Soma mstari wote mkuu. "Katika Torati KARIBU vitu vyote husafishwa kwa damu." Hilo "karibu" wahubiri hulimeza.

mama_kwaya:
Polepole wanangu. Mathayo 26:28, Bwana mwenyewe anasema damu yake inamwagika kwa ondoleo la dhambi. Halafu mpimadamu, ungeshuka mstari mmoja tu: 5:12, kuhani anatwaa konzi ya ule unga na kuuteketeza juu ya sadaka nyingine zilizokwisha kuwekwa madhabahuni. Haukuwa peke yake pale.

mwana_wa_torati:
Mama kasema kweli. Ila na mpimadamu hajakosea kuhusu uhai. Walawi 17:11: uhai wa mwili u katika damu, ndiyo maana inafanya upatanisho. Haisemi mnyama anaadhibiwa.

Tazama sura ya 16, mbuzi wawili. Haruni, kuhani mkuu, anaweka mikono juu ya mmoja na kuungama maovu yote ya Israeli. Wengi hudhani huyo ndiye anayechinjwa. Sivyo, huyo anapelekwa jangwani akiwa hai. Aliyechinjwa ni mwenzake, na damu yake inaingizwa ndani ya pazia, inanyunyizwa kwenye kiti cha rehema, kile kifuniko cha sanduku la agano, ili kupasafisha patakatifu. Inaosha. Na neno la Kiyunani la kiti hicho, hilasterion, ndilo Paulo analomwita nalo Yesu katika Warumi 3:25. Biblia yetu imeandika "upatanisho", basi msomaji hakioni tena kile kiti.

Habari ya kwamba Yesu alilipa deni la heshima ya Mungu tuliyoivunja aliifafanua Anselm, mwanatheolojia, mwishoni mwa karne ya 11. Adhabu iliyobebwa badala yetu wakaikoleza Wanamatengenezo, kina Luther na Calvin, karne ya 16. Siwatupi, Isaya 53 ipo, inasema alichubuliwa kwa maovu yetu. Lakini tusianze nao.

nanga7:
Hapo kwa mbuzi wa jangwani nimejifunza.

mpimadamu:
Shikamoo mama, hiyo 5:12 niliipita mbio. Kwa hiyo unga wa maskini uliwekwa juu ya kondoo wa jirani yake? Hilo nalielewa kabisa. Kwenye jokofu letu chupa haina jina la aliyetoa, ina namba na kundi la damu tu.