Mjadala: Harar ni mji mtukufu wa nne katika Uislamu. Nani kaupanga huo msururu?

Wadau, kila ikitajwa Harar, ule mji wa mlimani mashariki mwa Ethiopia, lazima atokee mtu aseme ni "mji mtukufu wa nne". Wa nne kwa daftari la nani? Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim imetaja misikiti mitatu ya kufungiwa safari: wa Makka, wa Madina na Al-Aqsa. Basi. Na watu wa Kairouan, Tunisia, nao wanajiita wa nne, kwa hiyo hata kiti chenyewe kina wagombea.

Sibezi Harar. UNESCO ilipouingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006 ilitaja misikiti 82 na maziara 102, yaani makaburi ya mawalii, karibu yote ndani ya ukuta wa Jugol ambao Amir Nur aliujenga karne ya 16. Mji wa kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja! Ila wingi wa misikiti haumpi mtu cheo cha kidini.

JIBU: Sheikh wangu, hapo umewaonea Waharari. Jina lao la zamani ni Madinat al-Awliya, mji wa mawalii, wala halina namba. Wanamhesabu Sheikh Abadir kuwa baba wa mji, na kaburini kwake bado husomwa dhikri kwa ngoma. Pale palikuwa chuo cha elimu ya dini kwa Pembe yote ya Afrika, tena zamani hizo asiye Mwislamu alikuwa haingii. Burton, yule msafiri Mwingereza, mwaka 1855 aliingia roho mkononi. Menelik, mfalme Mkristo wa Shewa, alipouteka mwaka 1887, penye msikiti wa uwanja mkubwa pakajengwa kanisa, nalo lipo hadi leo. Watu waliopitia hayo unawadai ushahidi wa namba?

JIBU: Tuseme ukweli, ugomvi hapa si namba, ni maziara. Anayekwenda Maulidi ya Lamu na kupita makaburini kusoma Fatiha hasumbuki na Harar. Anayeona hayo ni bidaa, uzushi katika dini, hata ungeuita wa arobaini angekataa.

MLETA MADA: Mimi Maulidi naenda, usinivalishe kanzu isiyo yangu. "Mji wa mawalii" naukubali kwa mikono miwili. Hiyo "wa nne" ndiyo naidai: mwenye kitabu cha mwanachuoni wa zamani aliyeiandika alete, na ataje ukurasa.