Hornet, Tomcat, Harrier au Su-33 kwa kujifunza kutua kwenye manowari? Nanunua moja tu

nanga_ya_anga
Wakuu habari zenu. Nimeamua kununua moduli moja ya ndege kwenye DCS, ule mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani, lengo langu ni manowari ya kubeba ndege tu, kuruka na kutua, kupigana sina haja nako. Niko kati ya F/A-18C Hornet, F-14 Tomcat, AV-8B Harrier na Su-33. Ipi itanionesha hatari zenyewe zilivyo? Nataka kulipia wikiendi hii.

kebo_ya_tatu
Mkuu hapo hatuna pa kuanzia. Una joistiki au unatumia kibodi? Ramu kiasi gani? Umesharuka ndege yoyote au unaanzia sifuri? Na je una mwenzako wa kukaa nyuma, maana Tomcat ni ya watu wawili. Weka hizo taarifa ndo tukushauri.

Bi_Mawimbi
Wakati tunamsubiri, mi nasimama na Hornet. Inakuachia akili ya kuangalia yale matatu yanayoua watu wakati wa kutua: taa iitwayo "mpira" inayoonesha uko juu au chini ya njia, mstari wa katikati, na mkao wa pua dhidi ya hewa. Na mstari wenyewe hautulii, sehemu ya kutua ndege imepindishwa kama digrii 9 kutoka uelekeo wa meli, kwahiyo meli ikisonga mbele mstari wako unahamia kulia muda wote, ukizubaa sekunde mbili umeshapotea. Ndoano ya mkiani, ile inayonasa kebo za sitahani ili ndege isimame, inapita juu ya ukingo wa nyuma ikibakiza kama mita 4. Halafu magurudumu yakigusa tu unasukuma nguvu zote za injini, maana ukikosa kebo lazima upae tena papo hapo.

mzee_wa_injini
Hapo nakupinga Bi Mawimbi. Kaulizia hatari zilivyo, na Hornet inakufichia nusu. Hata kwenye katapulti, mtambo unaoirusha ndege kutoka sitahani, rubani wa Hornet anashika mshikio wa kwenye fremu ya kioo, mkono haupo kwenye fimbo kabisa, kompyuta ndo inainua pua. Kwenye Tomcat fimbo unaishika mwenyewe.

Achukue F-14A yenye injini za TF30, zile hazitaki hewa ivurugwe. Oktoba 1994 Luteni Kara Hultgreen alikuwa anakuja kutua USS Abraham Lincoln, akapita mstari wa katikati, katika kurekebisha pua ikaenda pembeni na injini ya kushoto ikapoteza nguvu. Injini za Tomcat zimekaa mbalimbali, kwahiyo ile nzima inaisukuma ndege izunguke. Afisa wa nyuma alijirusha akapona, yeye kiti chake kilitoka ndege ikiwa imeshalala ubavu, akafariki. Alikuwa mwanamke wa kwanza kurusha ndege za kivita za manowari katika jeshi la majini la Marekani. Ukitaka kuelewa sekunde zile zilikuwaje, hakuna ndege nyingine hapo ya kukufundisha.

nanga_ya_anga
Samahani wakuu nilisahau. Joistiki ninayo na throto yake (leva ya nguvu za injini), vyote vya mtumba. Ramu 16. Nimeruka ile Su-25T ya bure. Naruka peke yangu.

kebo_ya_tatu
Throto ya mtumba? Basi kabla ya ndege soma hii.

Mi nilinunua throto ya mtumba kwa mtu mtandaoni, kwa picha ni nzima kabisa, nikiruka kawaida haina shida yoyote, ila nikija kutua kwenye manowari ambapo throto unaigusa kidogo kidogo kila sekunde ikawa ikifika katikati inaruka, yaani unaongeza kidogo yenyewe inasoma nguvu nyingi halafu inarudi. Napanda juu ya njia, nikipunguza nadondoka, nagonga ukingo wa nyuma wa sitaha ndege inakatika, na nikifanikiwa kupita basi ndoano inazivuka kebo zote nne. Nikabadilisha mipangilio yote, nikafuta programu nzima nikaiweka upya, nikashusha grafiki nikidhani kompyuta ndo inachelewa. Wiki zinaenda. Baadaye nikafungua kile kidirisha kinachoonesha leva zinavyosomwa, nikaisogeza pole pole, nikaona mstari unakatika pale pale katikati, kumbe kipande cha ndani kinachopima kimelika. Muuzaji nikamwandikia, kimya mpaka leo. Kilichoniuma zaidi ni tabia, mkono wangu ulishazoea kuisukuma kwa nguvu kuwahi kabla haijaruka, nikapata throto nzima na bado nikawa nafanya vilevile.

Kwenye manowari njia ya kushuka unaishika kwa nguvu ya injini, pua unaiacha ilivyo. Throto ikiwa mbovu hakuna ndege itakayokufundisha kitu.

rubani_kimya
Naona mnamzungusha kwenye kebo tu. Harrier haina ndoano wala katapulti, unasimama kwanza hewani ndo unatua, ile hatari ya kukosa kebo ukiwa na spidi ya kilomita 250 kwa saa haipo. Falklands 1982 Sea Harrier za Uingereza zilifanya kazi kwenye hali ya hewa mbaya sana na hakuna hata moja iliyodunguliwa na ndege ya adui.

Bi_Mawimbi
Na ndege ya adui hapana, ila kwa ajali zilipotea, moja iliteleza kwenye sitaha ya HMS Invincible ikaingia baharini. Ukisimama hewani mabawa hayabebi kitu, unabebwa na injini peke yake, ukiwa mzito umekwisha. AV-8B unaingiza maji kwenye injini ili ipate nguvu ya ziada, na hayo maji yanaisha kwa kama dakika moja na nusu. Hiyo nayo ni hatari, imebadilisha sura tu.

rubani_kimya
Sikatai. Ndo maana Waingereza kwenye F-35B walianza kutua huku ndege inatembea kidogo ili mabawa yasaidie kubeba, 2018 wakaifanya kwenye HMS Queen Elizabeth.

mzee_wa_injini
Meli hiyo hiyo Novemba 2021 F-35B ilikosa nguvu wakati wa kuruka ikadondokea Mediterania mbele ya meli, rubani akajirusha salama. Kilichokutwa ni kifuniko cha kuziba njia ya hewa, kilisahaulika ndani.

pembe_ya_rampu
Mbona Su-33 mmeiruka? Yenyewe inapaa kwa rampu, sitaha iliyoinuliwa mbele, haina mvuke wa katapulti wa kupungua presha ukakuangusha baharini, unaondoka kwa injini zako mwenyewe. Gharama yake ni uzito, huwezi kubeba mafuta na silaha utakavyo, na hilo ndo somo zuri.

mzee_wa_injini
Mkuu, manowari ya Urusi Admiral Kuznetsov 2016 ilipoteza ndege mbili ndani ya wiki chache. MiG-29K ilikuwa inasubiri hewani kebo zirekebishwe ikaishia baharini, halafu Su-33 ikanasa kebo ikakatika.

pembe_ya_rampu
Hizo ni kebo, rampu haihusiki. Na kebo zinakatika kwa Wamarekani pia. Machi 2016 USS Dwight D. Eisenhower kebo ilishindwa kuizuia E-2C, ndege ya rada, ikawapiga mabaharia 8 wakaumia, ndege ikazama chini ya usawa wa sitaha kabla ya kuinuka tena. Mei 2025 USS Harry S. Truman, Super Hornet ikaenda majini kwa sababu hiyo hiyo ya kunasa kushindikana. Rubani anaweza kufanya kila kitu sawa na bado chuma kikamwangusha.

Bi_Mawimbi
Na mzee, kuhusu kompyuta kuficha hatari, Januari 2022 F-35C iligonga ukingo wa USS Carl Vinson, watu 7 wakaumia akiwemo rubani, ndege wakaja kuiopoa kina cha karibu mita 3,800. Rubani alikuja kwa kona ya haraka, na ule msaada wa kompyuta wa kutua hakuuwasha. Kwahiyo kujua kutumia huo msaada ni sehemu ya kazi, na Hornet inakuanzisha huko.

mzee_wa_injini
Mi naona umenisaidia hoja. Aliyezoea kubebwa siku asipobebwa anachelewa kugundua.

nanga_ya_anga
Nimefungua kidirisha alichosema kebo_ya_tatu. Mstari unatetemeka kidogo karibu na katikati, haukatiki. Nitaifungua niisafishe kwanza. Kwenye ndege nimebaki na Hornet na Tomcat, japo hoja ya Harrier ya uzito imenigusa.

pembe_ya_rampu
Mzee, turudi kwenye mvuke. Hizi katapulti za sumaku za USS Gerald R. Ford hazijaondoa ile hofu ya presha kupungua?

mzee_wa_injini
Zinasukuma kwa ulaini zaidi na unapanga nguvu kulingana na uzito, hata ndege nyepesi isiyo na rubani inarushwa bila kuvunjika. Uchina nao wameziweka kwenye manowari yao Fujian. Ila uzito ukiandikwa vibaya kabla ya kurusha, iwe mvuke iwe sumaku, ndege inafika mwisho wa reli haina spidi ya kupaa. Kwa hilo bado namtegemea yule kijana wa kwenye sitaha mwenye ubao wa namba, na rubani anayeusoma na kuthibitisha.

rubani_kimya
Na kwenye kebo hivyo hivyo, uzito unapangwa kwa kila ndege inayokuja. Ila nanga, hujajibu bado, utaruka mchana tu au na usiku? Usiku mambo yote tuliyosema yanabadilika.